Usingizi wa Siku ya Tatu

Kama uko juu ya pikipiki unapeleka majani chai kituoni, punguza mwendo kidogo unisikilize. Kama uko jikoni unachambua mboga za chinsaga, endelea tu. Mikono ifanye kazi yake na masikio yafanye yake.

Nilipokuwa mtoto hapa Ekerenyo, Nyamira, kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja sokoni siku zote na kofia. Jua likiwaka, kofia. Mvua ikinyesha, kofia, na juu yake karatasi ya nailoni. Kanisani wanaume wengine walivua kofia zao mlangoni, yeye akaingia na yake, na hakuna mzee wa kanisa aliyemgusa. Siku moja, nikiwa na miaka kama 9, alinifuma nimemkodolea macho. Akacheka, akainama mbele yangu, akaivua. Upande wa kulia, juu ya sikio, palikuwa na bonde. Ngozi ilikuwepo, mvi zilikuwepo, mfupa haukuwepo. Akanishika mkono akaweka vidole vyangu pale. "Sikiliza," akaniambia, kana kwamba vidole vina masikio. Palikuwa panadunda taratibu, kama koo la chura aliyetulia. Nikauchomoa mkono nikakimbia mpaka nyumbani.

Sokoro, yaani babu yangu, ndiye aliyenieleza jioni ile. Mzee alipigwa rungu katika ugomvi wa mpaka wa shamba, kichwa kikamuuma miezi na miezi, akapelekwa kwa omobari.

Kwa wewe unayenisikiliza kutoka Kakamega au Voi: omobari ni fundi wa kupasua kichwa, na wakiwa wengi ni ababari. Abagusii walikuwa nao kabla ya hospitali, na waliendelea kuwa nao hospitali zilipokuja. Mwaka 1958 jarida la madaktari wa Afrika Mashariki lilichapisha makala juu yao. Edward Margetts, daktari Mkanada wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi katika hospitali ya Mathari, Nairobi, aliwafuatilia, akapiga picha na kuandika. Miongoni mwa watu aliowaeleza ni mmoja aliyepasuliwa mara nyingi hata mfupa wa juu ya kichwa chake ukawa umebaki kidogo tu. Hata katika miaka ya 1980 madaktari wa upasuaji kutoka ng'ambo walikuwa bado wanaandika juu ya mafundi wa Kisii, na lililowashangaza ni kwamba wagonjwa wengi walinyanyuka wakaenda zao nyumbani.

Omobari hakutoboa kama seremala. Alipasua ngozi, akaifunua, kisha akakwangua mfupa kwa kisu, tabaka baada ya tabaka, mgonjwa yuko macho na ndugu wamemshikilia. Chini ya mfupa kuna utando mgumu unaoufunika ubongo. Hapo ndipo alipokoma. Akiupita ule utando, mgonjwa ana hatari ya kuingiwa na usaha ubongoni. Kwa hiyo ufundi wote ulikuwa katika kujua pa kusimama, na nimewajua madaktari wenye digrii ambao jambo hilo liliwapa taabu.

Nisije nikakudanganya. Ababari hawakutibu kiharusi. Walimtibu mtu aliyepigwa kichwani na kichwa kikakataa kupoa. Na sikutumi kwa fundi yeyote leo, hata ukisikia amebaki mmoja mahali fulani. Lakini kuna kitu kimoja ambacho sokoro na wenzake hawakuhitaji kufundishwa na mtu, nacho ni kwamba fuvu ni chungu chenye kifuniko kilichopigwa misumari, na kuna siku kilichomo ndani kinahitaji nafasi. Leo nataka tuzungumze juu ya siku hiyo.

Mtu akipata kiharusi, kile kinachoitwa stroku pale hospitalini, mara nyingi maana yake ni kwamba mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo umeziba. Kuna aina nyingine ambayo mshipa hupasuka, nitaigusa baadaye. Ubongo ni mdogo, kilo moja na nusu kasoro, kama asilimia 2 ya uzito wa mtu, lakini unakula asilimia 20 ya hewa safi ya mwili mzima. Na hauna ghala. Figo linaweza kuvumilia njaa kwa muda, mguu unaweza, ubongo hauwezi.

Sasa kila seli ya ubongo ina pampu ndogo zisizolala. Kazi yake ni kutoa chumvi nje. Pampu hizo zinaendeshwa na nguvu inayotokana na sukari na hewa iliyomo katika damu. Damu ikikatika, katika dakika chache tu pampu zinazimika. Chumvi inabaki ndani, nyingine inaingia, na wewe uliyewahi kutia nyama chumvi unajua maji hufuata wapi. Seli zinajaa maji zinavimba. Hiyo ni hatua ya kwanza. Ya pili inakuja polepole zaidi. Kuta za mishipa midogo, ambazo siku zote zinachuja kipi kiingie ubongoni na kipi kibaki katika damu, nazo zinachoka, zinaanza kuvuja. Maji ya damu yanatoka yanaingia kwenye nyama ya ubongo yenyewe.

Nasema kuvimba, sisemi uvimbe. Ukisema uvimbe wa ubongo watu wanafikiria ile kansa. Hapa hakuna kitu kilichoota. Ni ubongo wenyewe umelowa.

Mama yangu alikuwa na njia yake ya kutukataza michezo ya chakula. Ndugu yangu mdogo aliwahi kujaza maharagwe makavu kwenye chupa, akatia maji, akaifunga kwa kifuniko, akaificha chini ya kitanda ili aone kama yataota. Usiku wa pili tukasikia kishindo. Chupa ilikuwa vipande na maharagwe yametapakaa sakafuni, kila moja limenenepa mara mbili. Alichapwa, na mimi nikachapwa kwa kucheka. Fuvu la kichwa lina nguvu kuliko chupa ya soda. Halipasuki. Ndiyo taabu yenyewe. Kwa kuwa haliwezi kupasuka, ubongo uliovimba unasukuma ule ambao haukuvimba, unauhamisha kutoka katikati, halafu unatafuta tundu pekee lililopo, lile la chini ambapo uti wa mgongo unaanzia. Na pale ndipo penye sehemu inayoendesha pumzi na mapigo ya moyo.

Jambo hilo madaktari walilijua zamani. Alexander Monro wa Edinburgh aliliandika mwaka 1783, na mwanafunzi wake George Kellie akaliongezea mwaka 1824: ndani ya fuvu mna ubongo, damu na maji, na kimoja kikiongezeka lazima kingine kipungue.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Kuvimba huko hakuji siku ya kwanza kwa nguvu zote. Kunapanda. Kwa wagonjwa wengi ambao mshipa mkubwa umeziba, kilele ni kati ya siku ya pili na ya tano. Yaani mtu anaanguka Jumatatu, Jumanne anaonekana afadhali, watu wanapumua, wajomba waliokuja kutoka Nairobi wanapanda matatu kurudi kazini. Jumatano au Alhamisi ndipo ubongo unapofika kwenye ukuta.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na kisa hiki nimekibeba tangu mwaka wangu wa kwanza. Hospitali siitaji, na hata ningeitaja kosa lilikuwa langu. Tulimpokea baba mmoja, mchuma chai, umri wa miaka arobaini na kitu. Mkono wa kushoto na mguu wa kushoto ulikuwa umekufa, mdomo umekwenda upande, lakini maneno yalikuwa yanatoka. Siku ya pili alimtania mkewe kwamba sasa atamvalisha soksi kama mtoto. Wodi nzima ikacheka. Siku ya tatu jioni mkewe akaja mezani kwangu akasema, "Daktari, leo analala sana." Huku kwetu muuguzi mwanamume ni daktari, hukatai. Nikaenda nikamtazama. Anakoroma. Nikamvuta blanketi hadi mabegani. Nikamwambia, "Mwache alale, mama. Usingizi ni dawa."

Saa 9 usiku nilipita na tochi. Mboni ya jicho la kulia ilikuwa imepanuka kama kifungo cha shati, nikaimulika haikushtuka. Ya kushoto ilikuwa ndogo. Nikamwita, nikambana kifuani kwa vifundo vya vidole, hakuna. Alifariki kabla ya jua kuchomoza. Mkewe alikuwa amelala kwenye benchi ya nje akiamini mumewe anapata dawa niliyomwandikia mimi kwa mdomo.

Basi ule usingizi una sura yake, ijue. Mgonjwa wa kiharusi aliyekuwa anazungumza, sasa unamwita mara tatu ndipo aitike. Anaitika, halafu anazama tena kabla hujamaliza swali. Analalamika kichwa. Anatapika bila kula kitu. Kope la jicho moja linashuka, au mboni moja inakuwa kubwa kuliko nyingine. Pumzi inaenda, inakatika, inaenda. Ukifika kwenye mboni na pumzi umechelewa sana. Pa kupiga kelele ni pale kwenye usingizi.

Na wanaovimba vibaya zaidi si wale unaowafikiria. Ubongo wa mzee wa miaka 80 umesinyaa kidogo, umeacha nafasi kichwani, una mahali pa kuvimbia. Ubongo wa mtu wa miaka 40 umejaa fuvu lote kama embe ndani ya ganda lake. Kwa hiyo kijana mwenye presha ambayo hajawahi kupimwa, ambaye mshipa mkubwa umeziba, ndiye wa kulindwa usiku na mchana.

Tiba ni nini? Nianze na ile isiyohitaji pesa, maana ndiyo inayosahauliwa. Kichwa kiinuliwe. Kitanda cha hospitali kina mkono wa kuzungushia, kipandishe hadi kiwe kama nyuzi 30, karibu na mwinuko wa mlima wa kwenda shambani kwa watu wengi huku. Shingo iwe nyoofu, isipinde, kwa sababu damu chafu inatoka kichwani kwa mishipa ya shingoni na ukiipinda umeifungia mlango. Mito mitatu iliyolundikwa chini ya kisogo inaikunja shingo. Bora uinue kitanda chote upande wa kichwani. Homa ishushwe. Sukari ipimwe. Hewa ya oksijeni ikihitajika atiwe. Asipewe uji wala soda mpaka apimwe kama anaweza kumeza, maana koo likiwa limepooza upande mmoja uji unakwenda mapafuni, na nimewaona wengi waliopona kiharusi wakauawa na uji.

Presha nayo. Ndugu wakiambiwa presha ni 190 wanataka ishushwe sasa hivi, na kuna anayebeba vidonge vya shangazi yake mfukoni. Usimpe. Ubongo uliokosa damu unaitumia ile presha kujinyunyizia kidogo kilichobaki. Daktari ataishusha kwa mpango wake, na pengine kwa siku ya kwanza ataiacha ilivyo kwa makusudi.

Dripu pia zina siri. Maji ya glukosi matupu, yale ambayo watu huyaita dripu ya nguvu, ndiyo mabaya kuliko yote kwa ubongo uliovimba. Sukari inatumika, maji yanabaki, na yanajua njia ya kwenda kwenye chumvi. Ukiona dripu imetundikwa una haki ya kuuliza ni ya nini. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Halafu kuna manitoli. Hii ni dawa ya dripu inayovuta maji kutoka ubongoni kurudi kwenye damu, na figo zinayatoa kwa mkojo, ndiyo maana mgonjwa huwekewa mpira. Manitoli ina tabia moja ambayo kila muuguzi wa nyanda za baridi anaijua. Asubuhi ya Julai, baridi ya Nyamira ikiwa imekaza, unaichukua chupa kabatini unakuta ndani yake kuna vipande vinavyometameta kama sukari guru iliyoganda. Ni dawa imeganda. Huitundiki hivyo. Unaiweka kwenye beseni la maji ya moto, unaitikisa, unangoja iyeyuke, unaiacha ipoe kufikia joto la mwili, na huku mgonjwa anakoroma na ndugu wanakuuliza kwa nini unaogesha chupa. Wengine badala ya manitoli hutumia maji ya chumvi kali. Zote mbili zinanunua saa. Hazitibu kiharusi chenyewe, na hakuna aliyethibitisha kwamba peke yake zinamwokoa mtu ambaye nusu ya ubongo imeshavimba. Zinakusogeza mpaka kwenye tiba inayofuata, kama ipo.

Deksamethasoni je? Hii ndiyo dawa ambayo kila mtu anaijua, deksa, na kwa kuvimba kunakozunguka kansa ya ubongo inafanya ajabu. Kwa kuvimba kunakotokana na kukosa damu imejaribiwa na haikusaidia. Inapandisha sukari na kukaribisha wadudu, basi. Na vile vidonge vya sukari vya glibenklamaidi, ambavyo pengine mama yako anavyo kabatini, watafiti walitengeneza aina yake ya kudunga kwenye mshipa wakitumaini itaziba yale matundu ambayo chumvi inapitia kuingia kwenye seli. Wazo lilikuwa zuri sana. Mwaka 2024 matokeo ya jaribio kubwa yalichapishwa: wagonjwa hawakuwa bora kuliko wale waliopewa maji matupu. Nimelisema hili kwa sababu najua kuna mtu atalisoma nusu yake kwenye simu, aende kumpondea mzee wake vidonge vya sukari. Utamwua kwa kushusha sukari.

Na tukiwa kwenye simu: ule ujumbe unaozunguka wa kumchoma mgonjwa wa kiharusi vidole kwa sindano mpaka damu itoke, uufute. Omobari angekucheka. Yeye angalau alijua tatizo liko kichwani.

Sasa tunafika kwa kisu.

Mwaka 1996 madaktari wa Heidelberg, Ujerumani, wakiongozwa na Werner Hacke, waliandika juu ya wagonjwa 55 ambao mshipa mkubwa wa upande mmoja wa ubongo uliziba, ubongo ukavimba. Walitibiwa katika wodi ya mahututi, mashine za pumzi, dawa zote zilizokuwepo. Walifariki 43. Wakauita ugonjwa huo kwa jina ambalo kwa kawaida tunaiachia kansa mbaya. Basi Wafaransa, Wajerumani na Waholanzi, kila mmoja kwao, wakaamua kujaribu jambo ambalo sokoro wangu angelielewa bila mkalimani: kuondoa mfupa. Si shimo dogo. Kipande kikubwa cha fuvu, upana wa sentimita 12 au zaidi, karibu na kisahani cha chai, na tofauti na omobari, ule utando mgumu nao unafunguliwa ili ubongo uvimbie nje badala ya kusukuma ndani. Ngozi inashonwa juu yake. Mfupa unahifadhiwa kwenye friza, au, na hili huwashtua watu, unashonewa chini ya ngozi ya tumbo ya mgonjwa mwenyewe mpaka siku utakaporudishwa, wiki au miezi baadaye.

Mwaka 2007 walijumlisha matokeo yao. Wagonjwa 93, wote wa miaka 60 kushuka chini, waliopasuliwa wakifanyiwa hivyo ndani ya saa 48 tangu kiharusi kianze. Kwa kila watu 100 waliotibiwa kwa dawa peke yake, mwaka ulipotimia walikuwa hai 29. Kwa waliopasuliwa, 78. Ni nadra sana katika udaktari kuona tofauti ya namna hiyo. Nilipoisoma mara ya kwanza nilimkumbuka yule baba wa soksi, nikafunga gazeti.

Lakini kuishi si sawa na kuwa mzima, na hapa nawaomba mnivumilie kwa sababu madaktari wengi hawana muda wa kulieleza. Upasuaji hauirudishi sehemu iliyokufa. Mkono uliokufa Jumatatu utabaki vile. Unachookoa ni sehemu iliyokuwa nzima ambayo ingebanwa ikafa. Kwa hiyo wengi wa walionusurika walihitaji msaada, wengine kidogo, wengine kwa kila kitu. Kwa wenye umri mkubwa hesabu ni ngumu zaidi. Wajerumani walijaribu tena, wagonjwa 112 wa miaka 61 na zaidi, na matokeo yakatoka mwaka 2014: upasuaji uliwaokoa wengi wasife, lakini hakuna hata mmoja aliyerudi kujitegemea. Kwa mzee wako wa miaka 75 utaambiwa ukweli huo, kisha utaulizwa mnataka nini. Mimi nimekaa na familia kwenye kikao hicho. Kuna iliyosema pasueni, kuna iliyosema tumpeleke nyumbani akaone migomba yake. Zote mbili niliziheshimu. Ambayo sikuiheshimu ni ile iliyokataa kuja kwenye kikao.

Sasa turudi Ekerenyo, maana takwimu za Heidelberg hazipandi Probox.

Mtu ameanguka saa 12 asubuhi akienda kuchuma. Mara nyingi kinachofuata si gari, ni mjadala. Wa kwanza anasema ni presha, wa pili anasema ni malaria imepanda kichwani, wa tatu hasemi kwa sauti lakini anamtazama jirani fulani mama mzee. Tuliseme wazi kwa sababu tumezika watu kwa jambo hili. Mwaka 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake 4 wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Mdomo uliokwenda upande ghafla haukupindwa na mkono wa mtu. Ni mshipa. Na kila saa inayopotea kwa kumtafuta mchawi ni saa ambayo pampu zimezimika.

Kituo cha kwanza ni hospitali yetu ya kaunti ndogo, hapa hapa Ekerenyo. Pale atapimwa presha na sukari, atawekewa njia ya dripu, atalindwa pumzi. Lakini hakuna binadamu, awe profesa, anayeweza kujua kwa macho kama mshipa umeziba au umepasuka. Inahitaji siti skani. Ni muhimu kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ile inayotolewa ndani ya saa 4 na nusu, ukimpa aliyepasukiwa mshipa umemmaliza. Hata aspirini msimpe nyumbani kabla ya picha. Kwa hiyo rufaa ya kwenda Nyamira au Kisii iandikwe mapema, na ukiandikiwa usiende nyumbani kwanza kutafuta blanketi na sufuria. Mgonjwa atangulie, blanketi litafuata.

Njiani asilazwe chali kwenye buti kichwa kikining'inia kila gari likiruka tuta. Alale ubavu, kichwa juu kidogo, mtu amshike. Mtu huyo awe anamsemesha.

Na ukifika hospitali kubwa, swali la kuuliza si "atapona?" Hilo hakuna wa kulijibu siku ya kwanza. Uliza hivi: mshipa ulioziba ni mkubwa au mdogo? Sehemu iliyokufa ni kubwa kiasi gani? Akianza kuvimba, hapa kuna wa kumfungua kichwa, au ni Eldoret, au ni Nairobi? Jibu likiwa ni kwingine, uliza tena: kwa nini tungoje avimbe ndipo aende? Zile saa 48 zinahesabiwa tangu alipoanguka, si tangu alipofikishwa wodini. Mgonjwa aliyelala siku mbili akingojewa abadilike, halafu akapandishwa ambulensi kwenda Kenyatta, anafika pale muda umekwisha.

Pesa. Najua. Tangu Oktoba 2024 tuko kwenye bima mpya ya SHA, na mwenye kujisajili anajua anachokipata na anachokikosa. Asiyejisajili ajisajili leo akiwa mzima. Lakini kuna hesabu nyingine inayoniuma zaidi. Mtu akifa hapa kwetu, kwa siku mbili tunakuwa na hema, ng'ombe, jeneza, gari na kipaza sauti. Kamati inaundwa usiku uleule, michango inatumwa kwa simu kutoka Nairobi hadi Qatar. Mtu huyohuyo alipokuwa amelala na nusu ya ubongo imelowa, kundi la familia kwenye simu lilikuwa linamtumia picha za maua na aya za Biblia. Kamati ya mazishi tunaijua kazi yake. Iundeni siku ya kwanza ya ugonjwa, mwekahazina awe yule yule, anayejua kudai.

Mtakaokesha na mgonjwa, gawaneni zamu. Andikeni kwenye karatasi saa aliyoanguka, si kwa kukisia, na karatasi ibaki mfukoni mwa mmoja wenu. Kila saa moja, usiku na mchana, kwa siku tano za kwanza, mwamsheni. Mwulizeni jina lake, jina la mwanawe wa kwanza, mwambieni akaze mkono ule mzima. Tazameni macho yote mawili kwa tochi ya simu, mboni zilingane. Akikasirika kwa kuamshwa, mshukuruni Mungu na mmwache. Asipokasirika, akazama, nendeni kwenye meza ya wauguzi. Mkiambiwa mwacheni alale, msirudi kitandani. Semeni mnataka daktari amwone sasa, na mseme mimi ndiye niliyewatuma.

Na kama una mtu wodini leo, na hii ni siku yake ya tatu, usisubiri wimbo utakaofuata. Zima redio uende ukamwamshe.